Soda bila karatasi: medali za wazee wetu na majina yaliyopotea

Wasikilizaji wetu, mwaka jana baada ya matangazo ya mchana, mlinzi wa redio aliniita kwenye lango. Mama mmoja mzee alikuwa amekaa chini ya mwembe, ametoka kwa miguu kwenye site ya wakimbizi wa ndani, kilomita kadhaa kutoka mjini. Alifungua fundo kwenye pembe ya kitenge chake, akanionyesha medali ya shaba. Utepe wake ulikuwa umeoza, umebaki nyuzi tu. Juu ya utepe kulikuwa na kipande chembamba cha chuma chenye neno moja: ABYSSINIE.

"Hii ni ya baba," akaniambia. "Karatasi ziliungua 2017, siku walipochoma kijiji. Hii iliokoka sababu nilikuwa nayo kiunoni. Sasa wajukuu wananiuliza: koko alikuwa soda gani, mbona jina lake halipo popote? Ninyi wa redio mnajua mahali wanapoandika majina. Nataka liandikwe, mwanangu."

Siku ile sikuwa na jibu. Nilimpa maji, nikapiga picha medali pande zote mbili, nikamwambia arudi. Jioni nilipolitaja jambo hilo kwenye kipindi, simu zililia. Mmoja alisema babu yake alikwenda Birmanie. Mwingine alisema babu wa babu yake alivuka ziwa kwenda Tabora. Wa tatu, kijana, akauliza: Kongo ilipigana lini na Abyssinie? Ndiyo sababu naandika haya. Redio husema na kupita, maandishi mtu anaweza kuyarudia.

Nianze na swali la kijana. Mwaka 1940 Ujerumani iliiteka Ubelgiji, na Kongo ikabaki upande wa Waingereza. Italia wakati huo ilikuwa imeikalia Ethiopia, nchi ambayo wazee wetu waliita Abyssinie au Uhabeshi. Masoda wa Force Publique, jeshi la Bula Matari, walitolewa sehemu nyingi za Kongo wakapelekwa kaskazini, wakapita Sudan, wakapanda milima ya magharibi ya Ethiopia. Tarehe 11 mwezi wa tatu 1941 waliiteka Asosa. Mwezi uleule wakaichukua Gambela. Kisha walikaa kwa miezi chini ya mlima wa Saio, mvua inanyesha, chakula hakifiki, kuhara na malaria vinawamaliza kuliko risasi. Tarehe 3 mwezi wa saba 1941 Jenerali Gazzera wa Italia alisalimu amri mbele ya Jenerali Gilliaert. Majenerali tisa wa Italia walitekwa.

Ndugu zetu waliokimbia kutoka Bukavu wanalijua neno Saio vizuri. Camp Saio, ile kambi ya jeshi iliyo mjini kwao, imechukua jina la mlima huo wa Ethiopia. Watu wamepita mbele ya kambi ile maisha yao yote, wakanunua makala na ndizi mlangoni pake, bila kuambiwa kwamba neno lile ni kaburi la Wakongomani.

Baada ya Ethiopia wengine walipelekwa Nigeria, wengine Misri na Palestina. Na kuna hospitali moja ya vita ya Kongo iliyokwenda mbali kuliko wote: ilipelekwa India na Birmanie, ikatibu majeruhi wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Divisheni hiyo ilikuwa ya King's African Rifles, watu wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland. Fikirini: manesi kutoka Kongo na majeruhi kutoka ng'ambo ya ziwa wanakutana kwenye bonde la Kabaw, msituni, katika nchi ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuisikia. Soda wa kutoka pande zetu za mashariki na askari wa Kigoma waliweza kuulizana habari kwa Kiswahili pale kitandani.

Medali ya yule mama inatokana na vita hivyo. Mwaka 1947 Ubelgiji ilianzisha Médaille de la Guerre africaine 1940-1945, na kwenye utepe wake hubandikwa kipande cha chuma chenye jina la uwanja ambako mtu alipigana: Abyssinie, Birmanie, Moyen-Orient na nyinginezo. Kwa hiyo mama hakuwa na hadithi ya kubuni. Neno lile kwenye chuma ni ushahidi. Tatizo ni kwamba ushahidi wenyewe hauna jina la mtu. Ni medali ya shaba kama nyingine zote zilizotoka katika kiwanda kimoja. Kinachoiunganisha na baba yake ni karatasi, na karatasi ndiyo iliyoungua.

Tusidhani kwamba ni moto wa 2017 peke yake uliokula majina haya. Karatasi za masoda wetu zilianza kuharibika siku ileile zilipoandikwa. Mzungu wa kwenye biro alimwuliza kijana jina lake, kijana akajibu kwa lugha ya kwao, mzungu akaandika alivyosikia. Ngoy akawa Ngoie kwenye kitabu kimoja na N'Goi kwenye kingine. Kyungu akawa Kiungu. Chini ya jina waliandika kijiji, shefri na teritwari, lakini kijiji mara nyingi kiliitwa kwa jina la chifu wa wakati ule, na chifu alipokufa kijiji kikabadilisha jina. Kitu kimoja tu hakikubadilika: matrikule, namba ya soda. Mtu angeweza kupoteza jina lake jeshini, lakini namba alihamanayo mpaka kustaafu.

Kisha ikaja siasa. Mwezi wa saba 1960, siku chache tu baada ya uhuru, masoda wa Force Publique waliasi. Walikuwa na sababu. Katika jeshi la watu zaidi ya elfu ishirini hakuwapo ofisa hata mmoja mweusi. Yule aliyesimama Saio mwaka 1941 alibaki chini ya vijana wa Kibelgiji waliokuwa bado wananyonya alipokuwa vitani. Ili kuzima maasi, serikali ya Lumumba ilimtoa Victor Lundula, sajini wa zamani wa wakati wa vita ambaye alikuwa bourgmestre huko Jadotville, leo Likasi, ikampa ujenerali. Jeshi likabadilishwa jina likawa Armée nationale congolaise. Wabelgiji wengi waliondoka, na sehemu kubwa ya nyaraka za utawala wa koloni ikapelekwa Brussels. Soda aliyehudumu miaka ishirini akajikuta ana mwajiri aliyekufa. Jeshi lililomwandika halipo tena, na kitabu chake kiko ng'ambo ya bahari.

Halafu Mobutu. Albertville ikaitwa Kalemie. Katanga ikaitwa Shaba. Mwaka 1972 majina ya ubatizo yakapigwa marufuku, na Jean, Albert na Joseph wote wakatakiwa kujitafutia majina ya mababu. Mwaka 1997 Shaba ikarudi kuwa Katanga. Mwaka 2015 Katanga ikakatwa na sisi tukawa jimbo la Tanganyika. Sasa mchukue mtoto wa yule soda. Karatasi ya baba inasema Joseph fulani, Albertville, jimbo la Katanga. Kitambulisho cha mtoto kinasema jina jingine kabisa, Kalemie, jimbo la Tanganyika. Afisa wa biro, hata akiwa na moyo mwema, ataviona kama vitu viwili visivyojuana. Mtu mwenyewe hajahama hata mtaa.

Na sisi wa huku tumeongezewa mengine. Vita vya 2016 hadi 2018 kati ya Watwa na Wabantu vilichoma vijiji pamoja na masanduku ya karatasi. Mwaka 2024 ziwa lilipanda, maji yakaingia nyumba za Kalemie zilizo karibu na ufuko, na watu waliokoa kwanza watoto, kisha godoro, kisha sufuria. Nani angekumbuka bahasha ya babu?

Nirudi nyuma zaidi, maana msikilizaji wa Tabora naye ana haki yake. Mji wetu huu wenyewe ulikuwa uwanja wa vita vya kwanza. Mwezi wa nane 1914 meli ya Wajerumani, Hedwig von Wissmann, ilikuja mpaka Lukuga ikaipiga meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune. Wajerumani wakawa wenye ziwa. Mwezi wa tatu 1915 reli kutoka Kabalo ilifika ufukoni, na kwa reli hiyo, mwisho wa mwaka, zikaletwa mashua mbili ndogo za Waingereza zilizoitwa Mimi na Toutou. Zilitoka Cape Town kwa treni mpaka Fungurume, zikaburutwa juu ya milima ya Mitumba, zikashushwa kwa mto Lualaba. Ng'ombe walivuta, mashine za mvuke zilivuta, lakini barabara yenyewe na madaraja yake vilifunguliwa kwa mikono na mashoka ya watu wa nchi. Mwezi wa kumi na mbili 1915 mashua hizo ziliteka meli ya Kingani hapa mbele yetu, na mwezi wa pili 1916 zikaizamisha Hedwig. Kamanda wao, Spicer-Simson, alipenda kuvaa sketi ya kaki na kuonyesha watu michoro ya nyoka iliyochanjwa mwilini mwake. Wazungu wameandika vitabu na vitabu juu yake. Alipata medali ya Uingereza, na Ubelgiji ikamvika Nishani ya Taji, Ordre de la Couronne. Wale waliokata miti na kujenga madaraja ya Mitumba hawana ukurasa wao.

Kutoka hapa na kutoka Kivu, masoda wa Force Publique waliingia upande wa Wajerumani. Tarehe 28 mwezi wa saba 1916 waliingia Kigoma. Tarehe 19 mwezi wa tisa 1916 walikuwa ndani ya Tabora. Nyuma ya kila soda kulikuwa na watu waliobeba risasi zake, unga wake, na vipande vya mizinga. Hesabu inayotajwa sana ni wapagazi 260,000 waliotumiwa na jeshi la Kongo katika miaka ya vita. Wanawake wa masoda nao walifuata, wakipika na kubeba watoto mgongoni mpaka Tabora. Soda alikuwa na namba. Mpagazi alihesabiwa pamoja na mzigo wake, na ndiyo sababu leo tunawajua wengi wao kwa jumla tu, kama magunia.

Jambo hili si la Kongo peke yake. Upande wa Waingereza, tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti mwezi wa nne 2021 ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, waliokufa wakilitumikia jeshi la Uingereza katika vita vya kwanza hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri. Waliopita Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam wameziona zile sanamu za askari na mpagazi zilizosimamishwa baada ya vita. Ni sanamu nzuri, askari amesimama imara, ila hazina jina la mtu hata mmoja. Kwenye makaburi ya Wazungu kila mtu ana jiwe lake.

Ng'ambo ya ziwa kuna kisa kimoja ambacho yule mama aliponisimulia habari yake kilinijia moja kwa moja. Ni kisa cha kijana wa Dar es Salaam, Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana baadaye kama Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa 1904. Baba yake alikuwa askari wa Wajerumani, na yeye mwenyewe aliingizwa jeshini akiwa mtoto. Wajerumani walishindwa, wakaondoka, mshahara haukulipwa. Mwaka 1929 Husen alifika Berlin baada ya kufanya kazi melini. Akaenda wizara ya mambo ya nje kudai mshahara wake na wa baba yake. Wakamjibu kwamba amechelewa.

Alibaki Berlin, akawa mhudumu wa mgahawa, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza katika filamu. Mwaka 1934, serikali ilipokuwa inagawa msalaba wa heshima kwa waliopigana mstari wa mbele, naye akaomba wake. Walimkatalia. Basi Husen akafanya jambo ambalo mimi, nikilisoma, nilicheka kisha nikanyamaza: alikwenda dukani, akajinunulia medali, akaivaa mbele ya watu. Wengine humwita mwongo kwa hilo. Mimi sioni uongo. Vita alivipigana, medali alinyimwa, yeye akasahihisha kitabu kwa pesa yake. Mwaka 1941 alikamatwa chini ya sheria za ubaguzi za Wanazi, akatupwa kambi ya Sachsenhausen, akafia humo tarehe 24 mwezi wa kumi na moja 1944. Mwaka 2007 waliweka kijiwe cha shaba chenye jina lake kwenye njia ya waenda kwa miguu mjini Berlin. Kile kijiwe kina jina na tarehe, mambo mawili ambayo medali haikuwa nayo.

Kisa cha pili pia ni cha ng'ambo, na husimuliwa hivi. Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa askari wa zamani wa Afrika Mashariki waliokuwa bado hai. Ofisi ikafunguliwa Mwanza. Wazee kama mia tatu na hamsini wakajitokeza. Wachache walikuwa na vyeti, wengine walileta vipande vya sare, wengi hawakuwa na chochote. Mtu wa benki aliyeleta pesa akapata wazo: akampa kila mzee ufagio, akatoa amri za kijeshi kwa Kijerumani. Wazee wale, baada ya miaka karibu hamsini, walishika ufagio kama bunduki na kutii kila amri. Husemwa kwamba hakuna aliyeshindwa. Mwili ulikuwa umetunza kile ambacho karatasi haikutunza.

Sasa turudi kwetu, kwa Koplo Albert Kunyuku. Aliingia Force Publique mwaka 1940, akapelekwa Birmanie, akarudi salama. Miaka ikapita, wenzake wakafa mmoja mmoja. Tarehe 8 mwezi wa sita 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji alikuwa Kinshasa, akaweka shada la maua kwenye mnara wa wapiganaji wa zamani, kisha akamvika mzee huyo Nishani ya Taji. Mzee alikuwa na umri wa miaka mia moja, ametajwa kuwa mpiganaji wa mwisho aliyebaki hai kati ya Wakongomani wa vita vile. Picha ilizunguka dunia nzima: mfalme amesimama, mzee ameketi, amevaa medali zake.

Nilifurahi, siwezi kukataa. Lakini hesabuni wenyewe. Nishani ya Taji ilimfikia Spicer-Simson, aliyekaa kwenye ziwa letu kwa miezi tu, vita vyenyewe vikiwa bado vinaendelea. Koplo Kunyuku aliipata miaka sabini na saba baada ya vita vyake kwisha. Na aliipata kwa sababu alikuwa hai, alikuwa Kinshasa, na jina lake lilijulikana. Yule aliyefia kijiji cha Nyunzu au Moba mwaka 1970, medali yake imefungwa kwenye kitenge cha binti, hana mfalme wa kumtembelea.

Wapo walioliona hili mapema. Paul Panda Farnana, Mkongomani aliyepigana Ubelgiji kwenyewe mwaka 1914 akatekwa na Wajerumani hadi mwisho wa vita, alianzisha Union Congolaise mjini Brussels mwaka 1919. Wapiganaji wa zamani walikuwa miongoni mwa wanachama wake wa kwanza, na kusaidiana kwao kulikuwa ni pamoja na kumzika mwenzao kwa heshima. Panda alifariki 1930. Huko Schaerbeek, komine moja ya Brussels, mnara wa askari wa kampeni za Afrika ulisimamishwa mwaka 1970 tu, Kongo ikiwa imeshajitawala miaka kumi.

Basi mtu wa Kalemie afanye nini? Nimejifunza mambo machache kwa kumfuatilia yule mama, nayasema hapa kwa wote wanaonipigia simu.

La kwanza ni namba. Matrikule ni bora kuliko jina, kwa sababu jina liliandikwa ovyo. Tafuteni kwenye karatasi yoyote ya zamani: livre ya jeshi, cheti cha kuachishwa, hata barua ya posta iliyotumwa kambini. Pia andikeni majina yote aliyowahi kuitwa, la ubatizo, la ukoo, la utani, na jinsi zote linavyoweza kuandikwa na mtu asiyejua lugha yenu. Andikeni kijiji kwa jina la zamani na jina la chifu wa wakati ule. Andikeni alikopigana, kambi alizokaa, jina la kamanda wake mzungu hata kama mzee alilitamka kwa namna yake. Vitu hivi vyote vinasaidia mtu wa nyaraka kufungua kitabu kinachohusika. Nyaraka za koloni ziko Brussels, na sehemu kubwa imekabidhiwa kwa Archives de l'État, ambako mtu wa kawaida anaweza kuandika barua na kuuliza.

Waliopoteza vitambulisho wakapate attestation de perte kwenye komine yao, na wale ambao hawana karatasi ya kuzaliwa waulizie jugement supplétif mahakamani. Najua, vinagharimu, na kwenye site mtu anahesabu unga kwa kopo. Lakini bila karatasi inayosema wewe ni mtoto wa nani, huwezi kudai kitu cha baba.

La mwisho nasema kwa ukali kidogo. Msiuze medali. Kuna vijana wanapita kwenye masite wakinunua vyuma vya zamani, wanampa mama dola mbili, kesho iko kwenye intaneti kwa bei nyingine. Na msimpe mtu yeyote medali ya asili eti akaishughulikie. Piga picha, toa picha. Yupo mtu mmoja mjini, simtaji, aliyezunguka akikusanya pesa za faili la wapiganaji wa zamani, na faili hilo mpaka leo hakuna aliyeliona.

Yule mama alirudi baada ya wiki tatu. Alikuja na mdogo wake wa kiume, mzee pia, anayetembea kwa fimbo. Tuliketi ofisini, nikauliza tena kuhusu namba. Hakuna karatasi, wakasema, tulishakuambia. Nikauliza baba alikuwa mtu wa namna gani. Wakaanza kucheka. Mdogo mtu akasema baba alikuwa akiamka usiku anapiga kelele kwa Kifaransa, maneno yaleyale kila mara, na wao watoto waliyashika kichwani, wakayafanya mchezo wa kuhesabu wakiruka kamba. Mama akaanza kuyasema, mdogo wake akaingia, wote wawili kwa pamoja, kama watoto.

Zilikuwa tarakimu. Kwa Kifaransa cha kambini, zimekatwakatwa, nyingine zimemezwa, lakini tarakimu. Katikati ya tarakimu kulikuwa na neno "présent". Mzee wa watu alikuwa akiitika mahesabu ya asubuhi usingizini, miaka thelathini baada ya Saio, na watoto wake walikuwa wanaruka kamba juu ya matrikule yake.

Tuliirudia mara sita nikiandika. Mara nne kati ya sita walitoa namba moja. Mara mbili tarakimu ya mwisho ilibadilika, kwa hiyo kwenye barua niliweka zote mbili. Niliandika jina kwa jinsi tano, kijiji kwa majina mawili, nikaambatanisha picha ya medali. Mama alitaka kuisikia barua kabla haijaondoka. Nikamsomea polepole. Nilipofika kwenye namba, mdogo wake aliyekuwa ameegemea fimbo alinyoosha mgongo, akasema: "Présent."

Barua ilikwenda Ijumaa. Namba ya redio bado ni ileile mnayoijua. Mwenye babu wa Tabora, wa Saio au wa Birmanie, apige saa za kipindi, au aje tukae naye chini ya mwembe.